Usiku Motel ya Sizemore Ilipojaa

Utepe wa choo cha chumba namba sita ulikuwa umekatika tena.

Si jambo la kumfanya mtu mzima apige kelele. Ni ukanda mwembamba wa karatasi ambao mwenye motel, nyumba ya wageni ya kando ya barabara, huuvisha kwenye kiti cha choo baada ya kukisugua, umeandikwa "Kimesafishwa kwa ajili yako", ili mgeni aamini kwamba hakuna makalio yaliyomtangulia. Mgeni huukata, hukaa, maisha yanaendelea. Lakini chumba namba sita hakikuwa na mgeni. Hakikuwa naye jana wala juzi, na kusema kweli motel nzima ya Verlon Sizemore ilikuwa haijalaza mtu tangu kiangazi, alipopita muuza Biblia mmoja aliyepotea njia, naye aliondoka bila hata kunywa kahawa.

Verlon alisimama mlangoni mwa bafu, ufagio mkononi, akautazama ule utepe. Haukuwa umechanwa. Ulikuwa umekatwa vizuri katikati, kama mtu mstaarabu afanyavyo. Kando ya sinki, kile kipande kidogo cha sabuni kilikuwa kimetolewa kwenye karatasi yake na bado kilikuwa na povu.

"Panya," Verlon alisema kwa sauti, maana alikuwa na tabia ya kujitania akiwa peke yake, ili angalau mtu mmoja acheke. "Panya mwenye malezi. Ananawa mikono."

Hakucheka. Chumba kilinuka breki zilizoungua.

Ile harufu aliijua, kama kila mtu aliyezaliwa kwenye Mlima Harkrader anavyoijua. Zamani, miezi ya joto, mlima mzima ulinuka hivyo. Magari ya watu wa Ohio na Indiana yalishuka kuelekea Florida yakiwa yamejaa watoto na majokofu ya barafu, madereva wasiojua milima wakikanyaga breki kona hadi kona, moshi ukiwatoka magurudumuni. Wakifika kwa Sizemore, nusu ya njia, walikuwa wamekwisha kutubu dhambi zao zote. Walikula samaki wa mtoni na mkate wa mahindi, wakalala. Vyumba kumi, mgahawa wenye dirisha kubwa juu ya korongo, na taa ya rangi nyekundu barabarani iliyosema NAFASI. Mbele ya neno hilo palikuwa na neno jingine, HAKUNA, lenye swichi yake peke yake. Enzi zile swichi hiyo ilikuwa ikibonyezwa kabla ya jua kuzama.

Kisha serikali ikajenga barabara mpya bondeni, pana, iliyonyooka. Mlima ukafa kuanzia chini kwenda juu, kama mguu wenye kidonda. Ilifungwa kwanza motel ya chini kabisa, kisha duka la asali, kisha mgahawa wa Burl Ledford, aliyekuwa na dubu wa kufungwa mnyororo anayekunywa soda kwa chupa. Dubu alikufa, Burl akabaki anauza fataki kwenye banda. Usiku, kutoka dirisha la mgahawa wa Sizemore, ungeziona taa za barabara mpya huko chini, zikipita, zikipita, wala moja isiinue macho.

Verlon alikwenda jikoni. Mkewe Orpha alikuwa anakanda unga.

"Mama," alimwita, kama alivyomwita tangu mtoto wao azaliwe, "nani analala sita?"

"Mgeni."

"Mgeni gani? Mapokezi nakaa mimi."

"Unakaa mapokezi umelala, mdomo wazi kama mtego wa nzi. Anaingia polepole, anatoka polepole. Hana makuu."

"Umemwona?"

"Nimeona shuka." Orpha aliupiga unga kofi. "Kitanda kimelaliwa, mimi nakitandika. Utepe umekatwa, mimi naweka mwingine. Tangu majani yaanze kuanguka. Ulitaka nifanyeje, nimwache alalie shuka chafu?"

"Gari lake liko wapi?"

"Mbona unauliza kama polisi, baba? Mtu akija analala. Ndiyo kazi yetu."

Verlon akamtazama, akamtazama sawasawa, kama ambavyo mume wa miaka mingi huwa hamtazami mkewe. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Pete ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi ili isidondoke. Akamshika mkono uliojaa unga, na ule mkono ulikuwa baridi kama maji ya mfereji, na kucha zake zilikuwa na rangi ya zabibu.

"Mwanetu Twyla ametutengenezea chumba kwake Dayton," Verlon alisema taratibu. "Kina mapazia ya njano. Twende, mama. Tufunge kabla ya theluji."

"Nyumba haifungwi ina mgeni ndani," Orpha alijibu, akautoa mkono wake. "Baba yako angekuchapa."

Jioni hiyo ukungu ulipanda kutoka korongoni, na Verlon, badala ya kukaa mapokezi, akajificha nyuma ya mashine ya barafu iliyokufa, mwenyewe akijiona mjinga, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kupika kwenye manowari na kuona Napoli na Manila na Honolulu, sasa amechuchumaa nyuma ya sanduku la kutu anamsubiri panya anayenawa mikono. Kwa muda mrefu hakusikia kitu ila matone kwenye majani. Halafu akasikia gari. Lilikuwa mbali, chini, kwenye kona ile ambayo barabara yake ilikuwa imemegeka tangu mvua za mwaka juzi na haipitiki hata kwa mbuzi, na bado lilikuja, likabadilisha gia, likaguna, likaja, likabadilisha tena, hadi likaingia kwenye kokoto za uwanja wake mbele ya macho yake naye hakuona kitu, wala taa wala bati, ila kokoto zenyewe zikizama kwa uzito, na injini ikizimwa, na ule mlio wa chuma kinachopoa, tik, tik, tik, na mlango ukifunguliwa na kufungwa, na hatua za mtu aliyechoka sana zikivuta miguu hadi mlango wa sita, ambao ulifunguka bila ufunguo na kujifunga, na muda si muda mabomba ya maji ukutani yakaanza kugonga kama yanavyogonga mtu anapooga.

Verlon alitambaa hadi pale uwanjani. Akaweka kiganja juu ya kokoto, mahali ambapo gari lingekuwa.

Zilikuwa za moto.

Asubuhi alikwenda kwa Shangazi Zella.

Zella hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Alikuwa shangazi wa mlima mzima. Alizima moto wa kuungua kwa kupulizia na kunong'ona, alikata damu ya pua kwa aya ya Biblia, na mchana hakuondoka mbele ya televisheni, kwa sababu kulikuwa na mchezo ambamo daktari mmoja alikuwa amemwoa dada wa mkewe na Zella alitaka kuona ataadhibiwa vipi. Kila mtu alijua masharti yake: humlipi, na humwambii asante. Ukisema asante, dawa imeharibika.

Alimsikiliza Verlon jicho moja likiwa kwenye televisheni. Kisha akaizima, jambo ambalo lilimtisha Verlon kuliko zile kokoto.

"Si maiti wa kwetu huyo," alisema. "Maiti wa kwetu nawajua, wana makaburi, tunawapelekea maua. Huyo ni wa barabara. Barabara ikifa, Verlon, wale waliokuwa wakitembea ndani yake watalala wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Watalala palipo na taa." Alimnyooshea kidole. "Wewe una taa nyekundu inayosema nafasi ipo, usiku kucha, miaka yote hii, hakuna anayekuja na huizimi. Unamwita nani?"

"Namwita mteja, shangazi! Taa ya nafasi haizimwi. Ukiizima umekufa."

"Basi mteja kaja. Na huyo halipi kwa dola. Kila anayemtandikia kitanda anaacha kitu chake kwenye zile shuka. Orpha amebakiza nini?"

Verlon alikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja.

"Mwondoke," Zella aliendelea, "lakini si kwa kumkimbia. Mumkatalie. Umwambie kwa mdomo wako kwamba mmejaa. Na iwe kweli, maana hao kitanda kitupu wanakinusa kama mbwa anavyonusa mfupa. Kila kitanda kiwe na mtu. Halafu uwashe lile neno lako la pili. Akija, useme 'tumejaa', basi. Usimwombe radhi. Usimtakie safari njema. Usimwongezee hata neno dogo la adabu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi. As..."

"Funga mdomo!"

Akaufunga. Alishuka ngazi zake akiwa ameuziba kwa mkono, kwa usalama.

Kujaza vyumba kumi kwenye mlima uliokufa! Verlon alianza kwa simu kwa binti yake.

"Baba, umelewa?" Twyla aliuliza kutoka Dayton.

"Natamani. Njoo, mwanangu. Njoo na mumeo na mto wako. Mama yako anakwisha."

"Nakuja," Twyla alisema. "Lakini nikija naondoka naye, baba. Safari hii sikubali maneno."

Kisha akaenda bandani kwa Burl Ledford. Hawa wawili walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu Burl aweke ubao uliosema "Kwa Sizemore samaki ni wa jana". Burl alikuwa ameketi katikati ya fataki akivuta sigara.

"Utalipuka siku moja," Verlon alimwambia.

"Angalau watu wa bondeni wataangalia juu. Unataka nini, muuza samaki wa jana?"

Verlon akamweleza yote, akitarajia kuchekwa. Burl hakucheka. Alizima sigara kwenye kisigino cha kiatu.

"Dubu wangu," alisema, "alikuwa akiamka alfajiri anasimama kwa miguu miwili barabarani, anamsalimia mtu. Hakuna mtu. Mwaka mzima kabla ya kufa. Nilidhani ni uzee." Akainuka, magoti yakalia. "Nitakuletea watu. Ila sitalala chumba kinachoangalia jalala."

Wakaja. Verlon hakuamini. Walikuja wenye motel waliofilisika na wake zao, na yule mwanamke wa duka la asali, na wale wahudumu wa mgahawa waliokuwa mabinti enzi zile na sasa ni wanene na wana wajukuu, mmoja wao amevaa ile aproni ya zamani yenye mistari, haifungiki nyuma, ameibana kwa pini. Walikuja na sufuria za maharage na mikate ya tufaha. Zella akaja na blanketi lake, akaomba chumba chenye televisheni. Twyla na mumewe walifika kwa upande wa pili wa mlima jua likiwa bado juu, na Twyla alipomwona mama yake alitoka nje akalia nyuma ya gari, kisha akarudi anacheka kwa nguvu mno.

Orpha aliambiwa tu kwamba ni karamu ya kufunga. Lakini jikoni palipojaa moshi na kelele, mtu akidai chumvi, mwingine akilaani jiko, uso wake ulipata rangi kidogo.

"Meza ya dirishani wanangoja kahawa!" alipiga kelele. "Verlon! Unazubaa nini? Tumejaa!"

"Tumejaa, mama," alisema Verlon.

Walikula hadi giza likaingia. Burl alikiri mbele ya watu kwamba wale samaki walikuwa wabichi siku zote, watu wakapiga makofi. Mtu akakumbuka mwaka ule magari yalipopanga foleni hadi kanisani, na watalii wakalala kwenye mabenchi ya waumini, mchungaji akawahubiria bila kuwaamsha. Vicheko. Kisha vicheko vikaisha vyenyewe, kama maji yanavyoisha kwenye sinki, na kila mtu akawa anaangalia sahani yake, kwa sababu wote walikuwa wamewaza jambo moja: kwamba huu ndio usiku wa mwisho mlima huu utakapokuwa na watu.

"Vitandani," Zella alisema. "Ukungu umefika."

Walikwenda wawili wawili. Chumba namba sita alikichukua Burl mwenyewe, kiatu mkononi, akisema kama ni jini litamkuta anakoroma na litajuta. Orpha alilala chumba chao nyuma ya mapokezi, Twyla kando yake amemshika mkono. Kwenye kitanda cha Verlon mwenyewe alilalishwa mume wa Twyla. Hakuna kitanda kilichobaki.

Verlon alisimama nyuma ya kaunta akafunga tai yake ya kazi. Akabonyeza swichi ya pili.

Lile neno lilikuwa limekaa gizani muda mrefu hata nyigu walikuwa wamejenga juu yake. Lilivuma. Likakohoa mwanga, likazimika, likakohoa tena. Kisha likawaka lote, jekundu, ndani ya ukungu: HAKUNA NAFASI. Kutoka vyumbani Verlon alisikia mlango mmoja ukifunguliwa kidogo, na mwingine, na mwingine. Walikuwa wanachungulia ile taa. Mwanamke mmoja alipenga kamasi. Milango ikafungwa.

Gari likaja.

Lilikuja kama jana yake, kutoka ile kona isiyopitika, likiguna, likibadilisha gia, na lilipofika chini ya taa likapunguza mwendo kana kwamba linasoma, likasoma kwa muda mrefu, injini ikinguruma polepole, na Verlon akahisi jasho likimshuka ndani ya shati hadi kiunoni, akatumaini kwamba litaondoka lenyewe kama yalivyoondoka mamia ya magari enzi zile, lakini kokoto zikazama, mlango ukafunguka na kufungwa, na zile hatua zenye uchovu safari hii hazikwenda sita, zilikuja moja kwa moja kwenye mlango wa mapokezi, na harufu ya breki ikatangulia kuingia, nzito hata taa ya mezani ikawa kama inawaka ndani ya moshi, na mbele ya kaunta akawa amesimama mtu mwenye koti lililolowa na sanduku mkononi, mwenye uso ambao Verlon aliutazama na kuusahau papo hapo, akautazama tena na kuusahau tena, kama unavyozisahau nyuso za watu wote waliowahi kulala kwako usiku mmoja tu.

"Chumba kimoja," alisema yule mtu. Sauti yake ilikuwa kama redio mlimani, inakuja na kupotea.

"Tumejaa," alisema Verlon.

Yule mtu alinusa hewa. Aligeuza kichwa upande wa vyumba, taratibu, akivipitia kimoja kimoja. Huko sita Burl alikuwa anakoroma kama alivyoahidi.

"Hata kiti?"

"Tumejaa."

Nyuma ya ukuta Orpha alikohoa usingizini. Yule mtu alikigeuza kichwa upande huo, na mkono wake usio na sanduku ukainuka kidogo, kama wa mtu anayetaka kubisha hodi kwenye mlango anaoujua.

"Tumejaa," Verlon alisema mara ya tatu, na sauti yake ilitoka ikiwa ya mtu ambaye angeweza kuua.

Mkono ukashuka. Na mabega yakashuka. Ndivyo yanavyoshuka mabega ya msafiri yeyote aliyekataliwa, usiku, kwenye ukungu, akiwa hajui mbele kuna nini. Verlon alikuwa ameyaona mabega hayo maelfu ya mara. Yule mtu aliliinua sanduku lake, akajigeuza, akaanza kuondoka, maji yakidondoka kwenye zulia. Alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa ameshashika kitasa. Na mdomo wa Verlon Sizemore, mdomo ambao kwa miaka yote hiyo haukuwahi kumwacha mteja atoke bila neno, ukafunguka wenyewe, kwa upole, kwa tabasamu, kabla ya akili yake kuufikia.

"Karibu tena."

Yule mtu alisimama.

Hakugeuka. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa alichokifuata, kisha akatoka. Gari likawaka, likashuka mlima. Verlon alibaki ameshika kaunta kwa mikono miwili, akisikiliza hadi pakawa hapana cha kusikiliza.

Asubuhi Orpha aliamka na njaa. Alikula mayai, akala ya Twyla pia. Kucha zake zilikuwa za pinki. Watu walishangilia, wakakumbatiana, Burl akadai alimsikia jini akikimbia huku akilia. Verlon alimvuta Zella hadi nyuma ya mashine ya barafu akamwambia.

Zella alifumba macho. "Mungu wangu. Ukamkaribisha?"

"Ilinitoka. Shangazi, ilinitoka tu."

"Ndiyo. Ingemtoka nani mwingine?" Alimshika shavu, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kushika watu. "Basi sikiliza. Orpha ameachiwa. Aondoke leo, asilale hapa tena, na hatamwona. Lakini wewe umemwalika kwa mdomo wako. Akirudi akakuta nyumba tupu, atamfuata aliyemwalika, popote alipo."

"Hata Dayton?"

"Hata Dayton. Kwenye yale mapazia ya njano."

Verlon aliangalia kokoto. Halafu akaenda kumfungashia mkewe nguo.

"Mimi siendi bila wewe," Orpha alisema akiwa amesimama kando ya gari la Twyla, mkoba kifuani kama ngao. "Usinidanganye. Kuna nini?"

"Kuna mgeni mmoja anarudi. Mimi nilimpokea, ni zamu yangu."

"Basi nabaki nitandike."

"Hutandiki!" Ilimtoka kwa ukali hata Twyla akaruka. Akaishusha sauti. "Mama. Nitatandika mwenyewe. Nilijifunza jeshini, kona zangu ni kali kuliko zako."

"Kona zako ni kama soksi iliyotupwa," Orpha alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika. Alimnyoosha tai. Alijua. Mwenye nyumba ya wageni hahitaji kuelezwa mara mbili. "Usimpe shuka zile za maua. Zile ni za watu wenye watoto."

"Sawa."

"Na ule, baba. Usiwe unawapikia wengine unasahau kula."

"Sawa, mama."

Twyla aliwasha gari. Orpha aliketi amegeuza shingo, akimtazama kupitia kioo cha nyuma, hadi kona ilipomchukua. Wengine waliondoka mmoja mmoja na sufuria zao. Burl alibaki wa mwisho. Aliweka boksi la fataki kwenye kaunta bila kusema ni la nini, akampiga bega, akaenda.

Verlon alizima HAKUNA. Alitandika vitanda vyote kumi, kona kali. Alifagia mgahawa, akapanga vikombe, akaketi mbele ya lile dirisha kubwa kusubiri, na giza lilipoingia aliwaza mkewe angekuwa amefika wapi, kama amevuka mto, kama Twyla amekumbuka kumpa blanketi la miguuni. Alimwombea. Akaona aibu kidogo, maana alikuwa hajaomba tangu Manila, ambako aliombea jambo jingine.

Ukungu ulipanda. Akasikia lile gari, mbali, kwenye ile kona iliyomegeka. Akajinyoosha tai.

Halafu akasikia la pili.

Akainuka akatoka nje, hadi ukingoni mwa barabara, akatazama chini, na pale, ndani ya ukungu, safari hii aliziona taa, mbili mbili, za njano, za mtindo wa zamani, zikipanda kutoka shina la mlima kona kwa kona, moja nyuma ya nyingine bila nafasi katikati, magari yaliyofungwa masanduku juu ya paa, na zaidi nyuma yake, na zaidi, hadi chini kabisa ambako macho hayafiki, kwa maana mgeni aliyepokewa vizuri huwaambia wenzake. Na harufu ya breki ikamjia usoni kama joto la tanuri, na kwenye gari mojawapo alisikia mtoto akiuliza kama wamefika.

Verlon alitetemeka hadi meno yakagongana. Alijua shuka kumi zingemla upesi kuliko moja. Alijua vilevile kwamba Orpha yuko mbali, na ana joto, na hatatandika tena. Na chini ya woga wote huo, Mungu amsamehe, kulikuwa na kitu kingine ndani ya kifua chake, kitu alichokuwa hajakisikia tangu barabara mpya ifunguliwe, naye hakuweza kukizuia: alikuwa na furaha.

Akarudi ndani mbio kuteleka kahawa, birika lile kubwa.